Unene wa Kidole

Upepo wa Kabale haubishi hodi.
Huingia kwa tumbo, kama paka mwizi,
chini ya mlango, pale mti na saruji
viligombana siku ya kwanza
na havijapatana mpaka leo.

Mama huuziba kwa gunia.
Gunia la viazi, limekunjwa mara tatu,
asubuhi limelowa, zito kama mbwa aliyezama.
Analianika uani, jioni analirudisha zamu.
(Zamu ni neno la marehemu baba, askari jela.
Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha amri,
Kikiga cha kubembeleza.)

Novemba nilitoka Mbarara na pesa ya mlango.
Fundi Tukahirwa akaja na randa kwapani,
akaupapasa ubao, akaunusa, akarudisha randa kwapani.
"Umeshiba mvua huu.
Ukiupima sasa, Januari utakonda
na pengo litarudi na ndugu zake.
Mtu hapimwi suruali akitoka karamuni."

Tukangoja. Gunia likaendelea na zamu.

Januari ukakonda kweli.
Usiku nikapitisha mshumaa pembezoni mwa fremu,
taratibu, kama daktari anayesikiliza kifua.
Juu, ulimi wa moto ulisimama wima.
Kwenye bawaba ukainama.
Chini, upande wa komeo, ukazimika.
"Hapo," akasema Mama gizani,
kwa sauti ya mtu aliyechelewa kuulizwa.
"Hapo ndipo magoti yangu yalipoanzia."

Basi randa ikala, puti ikajaza nyufa,
mafuta yakanywewa na mti mara mbili, mara ya tatu ukakataa.
Tyubu ya lori ikakatwa utepe,
ikapigiliwa chini kwa misumari ya viatu.
Na nje, juu ya kizingiti, fundi akaweka ubao wa mshazari
alioupa jina la kidevu:
"Maji yadondoke mbali, yasimteremkie shingoni."
Mlango ukajifunga kwa sauti mpya.
Haukulia pa, haukukwaruza.
Ulisema mm, kama mtu aliyekubali.

Machi mvua ikapanda kutoka Bunyonyi,
ikapiga ubavu wa nyumba,
ikaitafuta njia yake ya zamani kwa vidole.
Kidevu kikaitema.
Ndani kukavu! Mama akacheka peke yake,
akavuta sigiri karibu, makaa mekundu,
akanyoosha miguu kama bibi harusi.

Sijui tulikaa muda gani.
Kichwa kilianza kunigonga kutoka ndani.
Nikasema neno, Mama hakujibu.
Nikautazama mshumaa mezani:
ulimi wake umesimama wima,
wima kabisa,
hauna wa kuuinamisha.

Niliufungua mlango kwa bega, sikumbuki komeo.
Upepo ukaingia bila hodi,
ukapita juu yangu nilipoanguka,
ukamwendea Mama moja kwa moja
kama anayeijua nyumba.
Akakohoa. Akatapika kidogo, akanitukana kidogo,
nami nikashukuru vyote viwili.

Miaka thelathini tuliulaani ule unene wa kidole,
na miaka thelathini ndio uliokuwa ukituzolea sumu,
usiku kwa usiku, bila mshahara.

Tukahirwa alirudi, akatazama sigiri, akanitazama mimi,
hakusema.
Akapanda kiti, akatoboa ukuta chini ya bati,
matundu mawili, akayavika wavu wa kuzuia panya.
Hakudai pesa ya matundu. Alidai chai, akaongezwa viazi.

Sasa sigiri inalala nje, barazani.
Gunia limekunjwa nyuma ya mlango, halina zamu,
ila hakuna aliyelifukuza.
Na baridi ikizidi Mama huvaa koti la baba,
lile la jela,
limebaki na vifungo viwili.