Hesabu ya Beseni

Ligi mimi naisomea kwenye beseni.
Agosti povu lilikuwa jeupe, la kujidai:
moja bila, mpira uliomgonga mtu mgongoni ukaingia,
na Keko nzima ikalala saa nane.

Halafu ugenini.
Tope jekundu la Bukoba linaicheka sabuni ya mche.
Shinyanga ni vumbi, ukikung'uta unapiga chafya.
Mbeya, soksi zilirudi mbichi, zinanuka basi.
Nikiona bukta zina kijani matakoni
najua tumezuia dakika tisini.
Redio ya nini?

Januari kocha akafukuzwa. Februari, mwingine.
Hela yangu ya Machi naidai mpaka leo.

Ila jezi namba kumi na nne
kila wiki ilirudi kama ilivyokwenda,
mikunjo ya pasi yangu bado imesimama.
Ya Ngwali, kijana wa benchi.
Na kila wiki niliifua,
maana kuiruka kungekuwa kumwambia kwamba najua.

Mei, Chamazi, mvua. Tatu bila.
Tumeshuka daraja.
Gunia likaletwa usiku linachuruzika,
aliyelileta hakusalimia.
Nikatoa moja moja, haraka ya nini tena,
nikaikuta kumi na nne:
tope mpaka kwenye kola, bega limechanika,
na chokaa kifuani
pale alipouangukia mstari.

Nyingine zote nimezifua.
Hiyo ipo msumarini na tope lake.
Mwenyewe akipita, aione.