Zamu ya Usiku, Al-Khoudh

Mchana anapumua mwenyewe, hadaiwi na mtu.
Akilala tu, kifua kinasahau.

Daktari alichora nyuma ya karatasi ya dawa:
kila chembe ya mwili ina jiko lake.
"Ya Thuwaiba yanafuka," akasema, "hayashiki moto."
Mama mkwe akauliza kama mkaa umelowa.
Daktari hakucheka. "Kama hivyo," akasema.

Kwa hiyo barakoa,
mikanda miwili nyuma ya kisogo,
na bomba mpaka kwenye mashine iliyo juu ya kijaluba cha mama.
Yeye anaiita mgeni.
"Mgeni leo anauma, baba."
Nalegeza kidogo. Hewa inavuja. Nakaza tena.

Kidoleni taa nyekundu: tisini na sita.
Tisini na tatu.

Julai, saa tisa za usiku, kiyoyozi kikanyamaza,
mtaa mzima kiza,
mashine ikahamia betri kwa mlio mmoja mfupi
kama mtu aliyeguna ndotoni.
Nikahesabu pumzi kwa Kiswahili cha bibi,
maana Kiarabu changu ni cha kuhesabia pesa.
Moja.
Mbili.
Nikangoja.

Zamani "lala salama" lilikuwa neno la kuzimia taa.

Tatu.

Umeme ukarudi, yeye hana habari,
akajigeuza, bomba likamfuata.

Asubuhi mashavuni ana mistari ya mgeni wake.
Anataka mkate wa ufuta, ule wa pembeni, laini,
na anataka kujua
nani kanitia pilipili machoni.