Usiandike Kwenye Jiwe Hili

Juu ya Mabatini, mlima unapobeba nyumba mgongoni,
mtu amepanda na kopo la rangi nyekundu
akaandika: USIANDIKE KWENYE JIWE HILI.

Sijui kama alijiona.
Chini yake, kwa mkaa, mkono mwingine umeuliza:
NA WEWE JE?
Na chini ya mkaa, kwa chokaa:
ACHENI KUANDIKIANA HAPA.

Nilipiga picha, nikampelekea Lushinge stesheneri,
kwenye mashine yake inayokohoa wino.
Akacheka mpaka mteja wa cheti cha kuzaliwa akanuna.
Hili jiwe, akasema, ni programu.
Akaketi. Akaandika mistari miwili tu:

      Mstari huu unaita wa chini yake.
      Mstari huu unarudi juu.

Akabonyeza.

Juu ukashuka chini,
chini ukarudi juu,
juu ya karatasi, karatasi,
karatasi zikamwagika sakafuni,
sakafuni mtoto wa Nkwimba akakunja vikofia,
vikofia vina maneno pembeni,
pembeni: unaita,
unaita nani?

Shuleni tulifundishwa kila ubeti una kituo.
Hata pindu, lijiume mkia vipi,
hufika mahali likaketi.
Nikamuuliza: cha hili kiko wapi?
Lushinge, bila kuinua macho:
Kiko kwenye mita.

Kweli. LUKU ilisoma uniti mbili na nusu.
Saa kumi na robo feni ikalegea,
mashine ikang'ata karatasi katikati ya neno:

      Mstari huu unai

Kimya.
Nikasikia, mara ya kwanza siku ile,
mtu wa jirani akipangua bati,
na korongo wawili wakigombea utumbo wa sangara
aliouleta nani huku mlimani, sijui.
Mteja wa cheti akadai hela yake. Akapewa.
Alikuwa bado hajazaliwa, kwa mujibu wa karatasi.

Lushinge akagoma kununua umeme.
Nikachukua ile iliyong'atwa,
nikapanda nayo, gundi mfukoni,
nikaibandika chini ya chokaa.
Ndiyo, nami. Nilijiona, nikaendelea.

Jana nimepita tena.
Mvua imekula kona moja ya karatasi,
mkaa umechuruzika, rangi nyekundu ipo palepale inakataza.
Na mbele ya lile neno lililokatika
kuna mtu, kwa peni ya bluu,
kwa mwandiko wa kubana kama wa kukopa,
ameongeza herufi mbili:

      ta

Nikashuka mbio, buku mbili mkononi,
kununua uniti.