Chumvi Iko Wapi

Maji niliyachota Nyamasaria, nyuma ya pale wanapoosha pikipiki,
kwa kopo la plastiki lililokuwa la siagi.
Ya kijani, na mbu wawili wamekufa juu yake.
Jumatatu hadubini ikanionyesha amiba:
tone la uji linalotembea bila miguu,
linajimwaga mbele, linajizoa nyuma,

na tumboni mwake, wapangaji.

Vijidudu kama punje za wimbi, mamia,
havisagiki, havitapikwi.
Zamani sana, nadhani, mmoja alimezwa kama chakula
akakataa kuwa chakula.
Amiba hakubishana. Siku ya tatu alimpa jembe,
na mgeni akalima mpaka akasahau njia ya kwao.

Najua amesahau kwa sababu nimemsoma.
Siku tatu, usiku na mchana, mashine iliguna chumba cha pili
(stima ilipotea mara mbili, tukaanza upya, Masibo akilaani kwa Kibukusu)
ndipo herufi zake zikatoka, nne tu,
A na T na G na C, A na T,
kama mtoto anayekariri asichokielewa.

Jenomu fupi. Fupi mno.
Nikatafuta jeni ya kujenga ukuta imara: hakuna.
Ya kuogelea: kipande, kimeoza katikati,
kama neno la bibi ambalo unakumbuka mwanzo wake tu.
Zile za kujipikia, ukurasa mzima mtupu.
Kwa nini apike? Jiko ni la mwenyeji.
Kisichotumika hakiibwi na mtu. Kinadondoka chenyewe,
herufi moja leo, nyingine baada ya vizazi elfu,
na hakuna anayesikia ikianguka.

Nikaandika daftarini: amepoteza robo tatu.
Kisha nikaketi.

Baba yangu, Zablon Okwemba, fundi wa reli mstaafu,
aliyeweza kufungua injini na kuifunga macho yamefumbwa,
wiki ile ya mazishi ya mama, wageni walipokwisha kutawanyika,
nilimkuta jikoni, Emuhaya, saa tano usiku,
amesimama katikati, yai mkononi,
anafunua kopo hili, anafunua lile.
“Ayuma,” akaniita, bila kugeuka, “chumvi iko wapi?”

Miaka arobaini na moja ndani ya nyumba ile.

Wala usidhani ni yeye tu.
Mama hakuwahi kuijua namba ya simu yake mwenyewe.
Siku ya soko, pale Luanda, hakuvuka barabara
bila kushika kiwiko cha baba, hata gari likiwa halipo.
Nani alikuwa ndani ya nani,
hilo mashine haiwezi kunisomea.

Alhamisi tulitia dawa kwenye sahani,
dawa ya kuua wapangaji, ili tuone.
Wakafa wote, vizuri, bila fujo.
Amiba akabaki msafi, nyumba yenye nafasi.
Ijumaa hakugawanyika. Jumamosi hakugawanyika.
Jumapili nilipitia maabara na viatu vya kanisani:
amejikunja duara, hatembei.
Masibo akainama, akatazama, akanyanyuka polepole.
“Kumbe naye kuna kitu alikuwa amesahau.”

Nimeomba ruhusa ya siku mbili.
Mkobani nina kopo la kioo, nimelibandika karatasi,
kalamu nyekundu, herufi sita, si nne:
CHUMVI.
Nitaliweka palepale alipoliweka mama,
nimshike baba mkono, aliguse.

Halafu anifundishe karabai inavyopigwa pampu.
Tangu nizaliwe, giza likiingia,
kazi hiyo ilikuwa yake.