Misimu Miwili, Uwanja Mmoja

Daftari hili la Radi ya Limbani, daraja la pili,
linanuka karafuu toka ukurasa wa tisa.
Mwandishi ni mimi, mfua jezi,
mbeba ndoo na barafu za pakti za Bi Mafunda,
mia moja moja, za magoti.

Mechi ya kwanza, Mtambile: nne bila.
Nimeandika "mvua", kana kwamba wao haikuwanyea.
Ya pili sare. Ya tatu sare. Ya nne
Shaame kafunga kwa kisigino, mpira ukapasuka wavuni.
Refa akakuna kichwa:
goli halali, mpira mnunue mwingine.

Posho iliyoahidiwa: elfu tano kila mchezo.
Posho iliyotolewa: boflo na chai ya rangi,
maana mfadhili wetu ana tanuri, hana benki.

Halafu karafuu zikaiva.
Beki wa kushoto yuko mtini Mzambarauni,
analipwa kwa pishi, na pishi haina kesho.
Asaa, golikipa, kaja na mikono myeusi ya utomvu:
"Wiki hii nimedaka matawi tu."
Mattar alianguka. Mkono, si shingo, alhamdulillahi.
Jezi namba sita nimeikunja, nimeiweka chini kabisa
nisiione nikitafuta nyingine.

Na Konde tulikuwa tisa.
Tukakuta wanawake wameanika golini,
jamvi kwa jamvi, toka mlingoti hadi alama ya penalti,
na Bi Mafunda, mama wa nahodha, hajainua hata kichwa:
"Mpira utangoja. Hizi zikinyeshewa, mtakula mpira?"
Refa akatazama saa. Akatazama wingu.
Akavua viatu, akashika ncha ya jamvi.

Tulifungwa moja, dakika ya themanini na nane.
Mfungaji aliteleza kwenye punje zilizosalia,
na kule kuteleza ndiko kulikomdanganya Asaa.

Mechi ya mwisho, sare ingetuokoa.
Kengeja hawakuja.
Simu ya nahodha wao ilipokewa juu ya mkarafuu,
tukasikia majani kabla ya sauti.
Refa akatupa pointi tatu za mezani
kama muuza duka anayerudisha chenji.
Tumebaki daraja. Hakuna aliyeruka.

Ndipo Shaame akahesabu vichwa,
akakata hewa kwa kiganja:
"Nyinyi kule. Sisi huku.
Nimekanyaga baiskeli toka mashamba,
sirudi kwa mama na jezi kavu."

Wakacheza, sita kwa saba,
Mattar na bandeji lake akipepea kibendera
kuotea kusikokuwepo,
hadi adhana ya magharibi.

Katibu wa ligi ameagiza niufute mstari wa mwisho,
haumo kwenye ratiba. Sijaufuta.

Limbani tatu, Limbani tatu.
Watazamaji: wachambua karafuu kumi na mmoja, mbuzi mmoja.
Majeruhi: hakuna, barafu tumeila.
Jezi zilizorudi zimelowa: kumi na tatu.