Hesabu ya Viti

Viti vyangu mia nne, vyeupe, vya plastiki,
chini ya kila kimoja herufi mbili za rangi nyekundu,
visije vikapotelea Muyeye au Kisumu Ndogo.
Arusi, matanga, mkutano wa hadhara:
bei ni ile ile, na kiti hakiulizi
kinakaliwa na nani.

Malindi wananiita Mama Viti.
Siasa sikuisomea. Mimi nahesabu
vilivyotoka, vilivyorudi, vilivyovunjika mguu.

Mara ya kwanza Mheshimiwa alikodi mia mbili.
Akasema maji, akasema zahanati ya Barani,
akasema maji tena.
Watu walipiga miayo, wakajipepea kwa karatasi zenye sura yake.
Vilivyovunjika: hakuna.

Uchaguzi uliofuata maji yalikuwa bado njiani,
basi akaja na neno jipya.
Akaliweka ulimini kama karafuu,
akalinyonya kidogo, akalitema:
Mwanamume amuoe mwanamume! Mnataka hayo hapa?
Uwanja mzima ukainuka,
hata wasiosikia vizuri
waliinuka kwa kuona wenzao wameinuka.
Vilivyovunjika: kumi na moja.
Alilipa vitano.

Fundi wa spika alikuwa Twalib, mdogo wangu,
tumbo moja, ziwa moja.
"Ongeza, kijana," aliambiwa, naye akaongeza,
kidole kwenye kitufe, macho kwenye waya,
na sauti ikagonga mabati ya soko
ikamrudia yeye.
Usiku ule alikunja waya mmoja mara saba.
Mwezi uliofuata akahamia Nakuru.
Hakutaja sababu, nami sikuuliza;
nilijua, kama mtu ajuavyo gizani kiti kibovu kiko wapi,
akapita kando.

Mwaka huu wamerudi. Mia nne, na hema.
Neno ni lile lile, limechujuka kidogo.
Safu za mbele, wenye kofia mpya, walipiga makofi.
Nyuma, Kadzo wa mbaazi hakuinuka.
"Ndoa hizo mimi sizitaki," alisema bila kuniangalia,
"dini yangu yanikataza, na nishazeeka kubadili.
Lakini usiku wa mafuriko aliyembeba mamangu mgongoni
ni Twalib. Huyu anayenguruma alikuwa wapi?"
Kisha akaweka viganja mdomoni:
"Na maji, Mheshimiwa?"

Watu wakacheka. Si wote.
Kicheko kilianza safu ya ishirini,
kikatambaa hadi ya kumi na nne, kikaishia hapo.
Kijana mmoja akasimama kumtukana Kadzo;
mwenziwe akamvuta shati, akakaa.

Sisemi Malindi imebadilika.
Sijui kama ile ni huruma, ama ni uchovu,
ama ni jua tu, lilikuwa kali.

Usiku nikampigia.
"Vimevunjika vingapi?" Huanza na hilo kila mara.
"Hakuna."
"Hesabu tena, dada."
Nikatoka uani na tochi, simu sikioni,
hamsini, mia, mia na hamsini,
nikisikia anavyopumua,
na nyuma yake, mbali kidogo,
mtu akiosha vyombo, bomba liko wazi.
Miaka yote hii nimekuwa nikijifanya
ni redio.

"Mia nne," nikasema.
"Na huyo, nisalimie."

Maji yakafungwa.