Daftari la Miji Pacha

"Mapacha gani," aliuliza Honorine Vautrin,
"wasiojua hata jina la mama yao?"
Mei, sitini na tatu. Meya wetu wa Morvelle
ameshika kalamu, wino unamchuruzika kidoleni.
Wajerumani kumi na wanane kutoka Hollerfeld
wamesimama uwanjani na tarumbeta zao,
hakuna anayethubutu kupuliza.

Mimi ndiye katibu. Niliandika: *makofi*.
Hayakuwapo. Nilisikia viti tu.

Honorine alikuwa na kitanda kimoja cha ziada,
cha Lucien, hakijalaliwa tangu arobaini na nne.
Akaangukiwa na Wendelin, miaka kumi na mitano,
mwoga wa giza,
aliyevunja sahani ya bluu asubuhi ya kwanza
na kuficha vigae chini ya mto wa marehemu.
Alivikuta. Hakunena.
Akamkatia mkate, kipande kinene.

Kuchanjiana tulikwisha kuchanjiana,
miaka na miaka, kwa risasi, bila kiapo.
Kilichosalia kilikuwa kula pamoja.

Sasa kibao cha barabarani kimeshika kutu,
kamati ni watu watatu na birika.
Basi haliji tena. Huja gari dogo, la kijivu,
na Wendelin ndani yake, mvi tupu.
Honorine amelala kando ya Lucien.
Bado kila Mei mgeni huleta sahani,
huipeleka dirishani, huigeuza kwenye mwanga,
hutikisa kichwa.

Nimeandika leo:
*Sahani ya thelathini na moja. Bluu, siyo ile.
Tumeilia.*